Hata Mbwa wa Clarrie Amependekezewa Kitabu

Mpendwa Shangazi Merle,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, shule niliiacha nikiwa na miaka 13 na tangi langu la kwanza la maji nililiunda kwa mabati manne ya banda la kuku lililoangushwa na upepo, tangu hapo nimeunda matangi 1,316 na hakuna hata moja lililorudishwa, nikilitazama tangi kwa jicho nakwambia linaingiza lita ngapi na sikosei kwa zaidi ya ndoo moja, kwa hiyo ukiona nimekaa mezani nakuandikia wewe, tena kwa kalamu, ujue maji yamenifika shingoni. Naomba unisaidie. Na naomba jina langu lisitajwe.

Tatizo langu ni mkutubi wetu wa hapa Kulkabie, Bi Annelies Hoekstra, Mholanzi, miaka 11 sasa tangu aje. Huyu mama ana mtindo wake. Ukirudisha kitabu anakupa kipande cha karatasi, upana wa vidole vitatu, na humo ameandika kwa wino wa kijani mambo matatu aliyokuchagulia wewe na si mwingine: kitabu kimoja cha kusoma, tovuti moja ya kutazama, na kioja kimoja cha kwenda kujionea kwa macho yako. Nje ya maktaba watu wanalinganisha karatasi zao kama watoto wanaolinganisha peremende.

Utadhani ni mambo ya wendawazimu, lakini mji umeyashika kama ibada. Jirani yangu Clarrie Noske, mkulima wa ngano ambaye shambani kwake haijanyesha mvua ya maana miezi 14, alipendekezewa tovuti yenye kamera moja tu inayoonyesha dimbwi la maji barabarani huko Ufini, basi, dimbwi, mchana na usiku, na sasa kila siku ikifika saa kumi na dakika kumi jioni wanaume wazima 26 wanasimama baani wamevua kofia wanamngoja mama mmoja mwenye koti jekundu apite kwenda kazini kwake, akiliruka dimbwi wanashangilia, akilikanyaga wanashangilia zaidi, na Clarrie anatoka pale macho mekundu akisema, "Maji yote yale, ndugu yangu, na watu wanayaruka tu!" Glenys Pfitzner wa duka la mikate alipewa kitabu cha maisha ya walinzi wa minara ya taa za baharini, bahari yenyewe kutoka hapa ni kilomita 190, sasa juu ya paa la duka lake kuna taa inayozunguka, na ukimwuliza kwa nini anakujibu, "Huwezi kujua nani amepotea." Mzee Schirmer aliambiwa kuna jiwe kilomita 17 kwenye barabara ya kaskazini ambalo ukiligonga kwa kijiko linalia kama kengele, Jumapili iliyofuata nilihesabu magari 22 yamepanga foleni, kila mtu na kijiko chake, mchungaji akaahirisha ibada kwa sababu waumini wote walikuwa jiweni na yeye pia alikuwa jiweni.

Mimi sikwenda. Sikupendekezewa. Kijiko ninacho.

Hapo ndipo kidonda kilipo, Shangazi, mimi sijawahi kupewa karatasi. Hata moja. Nimefanya hesabu na nitakuwekea hapa ujionee. Kulkabie ina wakazi 412. Waliopewa ni 411, mapacha wa Schirmer wakiwemo, ambao walizaliwa Jumatatu wakapewa Alhamisi. Ongeza mgeni mmoja aliyekuwa akipita na gari, akaingia kuuliza choo, akatoka na karatasi mkononi. Ongeza mbwa wa Clarrie. Jumla 413. Yaani huyu mama amewamaliza watu wa mji na kuwapita, na bado mimi hakunifikia.

Na usiseme labda siendi maktaba. Naenda kila Alhamisi saa tisa alasiri, tangu juma alilofungua. Majuma 50 kwa mwaka, maana Krismasi wanafunga majuma mawili, mara miaka 11, ni vitabu 550. Kwa kuwa hakuna anayeniambia nisome nini, nilianza rafu ya kwanza juu kushoto, kitabu cha kwanza, nikaendelea kulia, nikifika mwisho nashuka chini. Nimepita ndoto, nimepita dini, nimepita sheria za mirathi za nchi nne, nyota, mawe, magonjwa ya meno, na sasa nimo kwenye mbuzi. Vitabu vya mbuzi ni 31, nimo cha tisa. Naviweka mezani, yeye anapiga muhuri, anasema, "Mbuzi tena, Bwana," mimi nasema, "Mbuzi tena, mama," natoka. Nyuma yangu nasikia anamwambia anayefuata, "Nimekuwekea kitu."

Siku iliyonifanya nikuandikie ilikuwa Alhamisi ya juma lililopita dukani kwa Glenys. Nimeagiza pai yangu ya nyama, Clarrie akaingia na mbwa wake Bosun, kwenye kola ya mbwa kumebandikwa karatasi ya wino wa kijani.

Nikamwuliza, "Hiyo nini, Clarrie?"

"Ya Bosun," akasema. "Bi Annelies kampa asubuhi hii. Kitabu: picha za kondoo, kitazamwe, kisitafunwe. Tovuti: sauti za paka wa nchi 40. Kioja: nguzo ya simu nyuma ya kituo cha zimamoto. Tumeshakwenda kuiona."

"Ikawaje?"

"Ndugu yangu, sijapata kumwona amefurahi hivi. Alikuwa hataki kuondoka."

Glenys akaegemea kaunta, akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. "Na wewe, mzee, kioja chako kilikuwa nini?"

"Mimi si mtu wa vitabu," nikasema.

Clarrie akacheka mpaka akashika meza. "Bado hujapewa tu? Miaka yote hii? Lete shingo, mzee, Bosun akuazime kola!"

Nikaiacha pai yangu pale pale. Shangazi, mimi sijawahi kuacha pai.

Sasa nimekaa nikajiuliza nilimkosea nini huyu mama, nimerudi nyuma mwaka kwa mwaka kama mtu anayetafuta mahali bati linapovuja, na sioni. Siku alipofungua maktaba ni mimi niliyemfungia tangi la maji pale nje, la lita 4,500, na nilipomaliza alitoka na karatasi na kalamu ya kijani akaniuliza, "Nikupendekezee kitu cha kusoma?" Nikamjibu vizuri tu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa, "Usijisumbue, mama, mimi si mtu wa vitabu." Unajua alifanya nini? Alisema, "Sawa." Akaifunga kalamu yake akaingia ndani! Hakuuliza mara ya pili! Nilisimama juani na spana mkononi nikingoja dakika 6. Dharau ile sijaisahau. Lakini huyu mama ndivyo alivyo, hana adabu za watu, hata juma lake la kwanza Glenys alimwalika chakula akamwambia, "Njoo tu, usilete kitu," na kweli akaja mikono mitupu, hata kipande cha keki, mji ulilijadili siku 9. Ukimwuliza atakunywa chai anasema ndiyo papo hapo, mara ya kwanza, kama mtu aliyetoka jangwani.

Nitakwambia na jambo moja ambalo sijamwambia Clarrie. Marehemu mke wangu Noreen, huu mwaka wa 12 tangu aondoke, alikuwa na tabia ya kukata vipande vya gazeti na kuviweka chini ya kikombe changu cha chai. Kipande kuhusu daraja, kipande kuhusu pweza mwenye mioyo mitatu. Hakusema neno. Nilikuwa nasoma. Tangu hapo chini ya kikombe changu kuna meza tu.

Sasa sikia kwa nini nina haraka. Jumanne tarehe 14 kamati ya ukumbi wa mji inapiga kura juu ya chumba cha maktaba. Watu wa klabu ya matufe wanakitaka waweke zulia lao wavingirishe matufe ndani wakati wa joto, na maktaba ifungwe, vitabu vipelekwe mji mwingine kilomita 84. Wajumbe tuko watano. Wawili wanasema ifungwe. Wawili, ambao ni Clarrie na Glenys, wanasema ibaki. Wa tano ni mimi.

Nikisema ifungwe, nitaonekana mtu aliyeua maktaba kwa wivu wa mbwa. Nikisema ibaki, nitakuwa mjinga anayeteka maji kisimani awanyweshe wenzake, na yeye kiu imemkausha. Kila nikipiga hesabu zinatoka mbili kwa mbili na katikati nimekaa mimi. Klabu ya matufe wameshanitengea kofia nyeupe ya wanachama wao. Sijawahi kupewa kofia. Nifanyeje?

Ni mimi,
Niliyerukwa, Kulkabie


SHANGAZI MERLE ANAJIBU

Ndugu Uliyerukwa,

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Lakini umeandika kwamba unaunda matangi, na Kulkabie muunda matangi ni mmoja, lori lake la njano linaonekana kutoka huku kwetu. Zaidi ya hapo mimi sina pazia la kukufunika. Gazeti hili limetoka leo Jumatano, kufika saa sita mchana Clarrie atakuwa analisoma kwa sauti baani, na mbwa anasikiliza. Jikaze.

Kwanza, pole. Kuona kila mtu amefikiriwa ila wewe ni jambo linalouma, na mtu asikwambie umri wako wa kuumia umepita. Pole ya vipande vya Noreen vilevile. Hiyo ya mwisho nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda kusimama jikoni.

Sasa pole imekwisha, kaa vizuri.

Umeniletea kurasa nane. Jibu lako liko ukurasa wa sita na umelipita mbio kama lori lililokatika breki. Mama wa watu alikuja na kalamu mkononi akakuuliza, nikupendekezee kitu? Ukamwambia usijisumbue. Akakutii. Wewe unaita dharau. Kwao alikotoka wanaita kusikiliza.

Najua, najua. Sisi wa huku chai tunaikataa mara mbili tukainywa mara ya tatu, na asiyeuliza mara tatu tunamwita bahili. Mimi mwenyewe mwaka wa mafuriko ya mtoni nilifuatwa na mashua mpaka dirishani nikawaambia vijana wa uokoaji, "Msijisumbue, anzeni na wengine," wakaanza na wengine, na nikakaa juu ya kabati na kuku wawili mpaka wakarudi. Nilikuwa na adabu nyingi sana juu ya lile kabati. Kwa hiyo sikucheki. Lakini wewe mtu wa hesabu umekusanya ushahidi wote kwa mkono wako mwenyewe! Aliambiwa asilete kitu, hakuleta. Akiulizwa kama anataka chai, anasema anataka. Huyu ni mtu ambaye neno kwake ni neno. Umepanga tarakimu zote, ukazipigia mstari chini, halafu jumla ukaandika "ananichukia." Tangi la namna hiyo ungelirudishiwa siku ileile.

Na kuna kosa la pili, hilo nalo ni lako. Mtu aliyesoma vitabu 550 haruhusiwi tena kusimama dukani na kusema "mimi si mtu wa vitabu." Hao 411 umewapita wote, wanasoma kilichoandikwa kwenye karatasi na kwenda kugonga mawe kwa vijiko. Wewe umesoma magonjwa ya meno kuanzia jalada hadi jalada bila kusukumwa na mtu. Ukijiita tanuri la baridi usishangae watu wakipeleka mkate wao kwingine.

Sasa nikwambie jambo ambalo nilikuwa nalo siku nyingi bila kujua kwamba ni lako.

Mimi huja hapo Kulkabie mara moja kwa mwezi kuchukua karatasi yangu, ingawa kwenye hesabu yako umenisahau. Mwezi uliopita, Bi Annelies akiwa anapiga mihuri, niliona chini ya meza yake kisanduku cha viatu kimefungwa kwa mpira, na juu yake kingine, na juu yake kingine. Mimi mdomo wangu mnaujua. Nikamwuliza, "Mama, hivi vya nani?"

Akasema, "Vya mtu aliyeniambia nisijisumbue."

Nikasema, "Na ndani mna nini?"

Akasema, "Nilijisumbua. Kila Alhamisi. Ila yeye sijamsumbua, maana alisema."

Nilidhani ni ugomvi wa kimapenzi wa Kiholanzi, nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni nadra. Karatasi moja ilikuwa nje, imechomekwa chini ya mpira wa kisanduku cha juu, na wino wa kijani nausoma hata kichwa chini miguu juu. Ilikuwa imeandikwa: "Mbuzi, aruke vyote isipokuwa cha kumi na nne." Nyumbani nikamwambia mume wangu, hii lazima ni methali ya kwao, tukajaribu kuifumbua jioni nzima, yeye akasema inahusu subira, mimi nikasema inahusu wakwe. Barua yako ilipofika juzi nikaikumbuka ile karatasi, nikaiacha supu ikaungua.

Cha kumi na nne, ndugu yangu. Wewe uko cha tisa. Mama wa watu ameona unavyotembea rafu kwa rafu miaka yote hii, naye anatembea nawe kimyakimya upande wa pili wa meza, kila kitabu unachochukua anakuandikia kinachofaa kifuate, anakitia kwenye kisanduku, anafunga kwa mpira. Amekuandikia mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Mbwa ana karatasi moja.

Basi fanya hivi. Kesho ni Alhamisi. Nenda saa yako ileile ya tisa. Usiende na lori, watakusikia kutoka baani, nenda kwa miguu. Usipige hodi kwa mzaha, usianze habari ya hali ya hewa, wala usimwambie kwamba hutaki kumpotezea wakati. Kiweke kitabu cha mbuzi mezani useme, "Mama, lile swali la siku ya tangi, naomba uniulize tena." Akikuuliza, jibu lako ni "ndiyo." Mara ya kwanza! Najua litakukwama kooni kama mfupa wa samaki, litoe tu. Ukihisi "usijisumbue" inapanda, ng'ata ulimi, ng'ata mpaka ipite. Kisha sema ahsante na unyamaze.

Kofia ya klabu ya matufe ikatae kabla ya Jumanne. Kofia inayokuja kabla ya kura si kofia. Na kamati ikikaa, kabla hujainua mkono, waambie wenzako wanne wazi kwamba ulikuwa na kinyongo na mkutubi na kwamba umekimaliza au hujakimaliza. Wakicheka, wacheke. Halafu piga kura kama mtu aliyesoma vitabu 550 ndani ya chumba kile, maana katika kamati yenu mtu huyo ni mmoja tu. Mtu hafungi maktaba ya watu 412 kwa sababu ya karatasi ya vidole vitatu, hasa karatasi ambayo imekaa imemngoja.

Zile karatasi ukipewa usizisome zote siku moja. Chukua moja kila asubuhi, ikunje, iweke chini ya kikombe.

Na nenda na kikapu. Mimi ujazo wa visanduku vya viatu siwezi kuukadiria, ila viko vitatu na vimejaa mpaka vifuniko vimeinuka. Wewe utavitazama mara moja tu, na utajua vimeingiza kiasi gani.